Sandra Bezic

Sandra Bezic, aliyezaliwa Toronto, Kanada, tarehe 6 Aprili 1956, ni mtelezaji wa barafu mstaafu na mtunzi wa miondoko ya mchezo huo. Alianza kama mshindani katika mashindano ya wawili wawili, lakini jina lake limekaa zaidi katika maonyesho aliyowatungia wengine, yakiwemo yaliyoshinda medali za dhahabu za Olimpiki mwaka 1988, 1992 na 1998.

Maisha ya mashindano

Bezic aliteleza na kaka yake, Val. Ndugu hao walikuwa mabingwa wa Kanada kwa miaka mitano mfululizo, 1970 hadi 1974. Waliiwakilisha nchi yao katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Sapporo, Japani, mwaka 1972 na kushika nafasi ya tisa, kisha wakawa wa tano katika mashindano ya dunia ya 1974. Jeraha la kifundo cha mguu lilimwondoa Sandra mashindanoni kabla ya Olimpiki ya 1976, akiwa bado msichana. Hapo ndipo alipogeukia utunzi.

Kazi ya utunzi

Miongoni mwa waliong'ara mapema kwa miondoko yake ni Wakanada Barbara Underhill na Paul Martini, waliotwaa ubingwa wa dunia mjini Ottawa mwaka 1984. Kazi iliyomjengea heshima kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile aliyomfanyia Mmarekani Brian Boitano. Mwaka 1987 Boitano alipokonywa taji la dunia na Mkanada Brian Orser. Boitano alikuwa mrukaji hodari, lakini watazamaji walimwona baridi. Bezic alimtungia maonyesho mawili kwa ajili ya Olimpiki ya Calgary ya 1988. La kwanza, lililotumia muziki wa Meyerbeer, lilimfanya kijana mwenye majivuno wa karne ya 19, anayefuta chembe za barafu kwenye chuma cha kiatu chake na kuzitupa nyuma ya bega. La pili, kwa muziki wa Carl Davis uliotungwa kwa ajili ya filamu kuhusu Napoleon, lilimfanya askari. Majaji watano kati ya tisa walimweka Boitano mbele ya Orser, naye akatwaa dhahabu.

Dhahabu nyingine mbili zilifuata: Kristi Yamaguchi huko Albertville mwaka 1992, na Tara Lipinski huko Nagano mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 15. Jill Trenary, bingwa wa dunia wa 1990, na Chen Lu wa China, bingwa wa dunia wa 1995, nao waliteleza kwa miondoko yake. Mkanada Kurt Browning alitwaa taji la dunia la 1993 mjini Prague kwa onyesho la Bezic lililotokana na filamu ya Casablanca.

Mbinu

Mtunzi wa miondoko huchagua muziki, huukata ulingane na muda wa mashindano, kisha hupanga kila hatua, mzunguko na mruko ndani yake. Katika enzi ya Bezic majaji walitoa alama mbili, moja ya ufundi na nyingine ya usanii, na ya juu kabisa ilikuwa 6.0. Isitoshe, watelezaji wa mmoja mmoja na wa wawili wawili hawakuruhusiwa kutumia nyimbo zenye maneno, kwa hiyo kisa chote kilipaswa kusomeka mwilini. Bezic alianza na tabia ya mtelezaji mwenyewe, akamtafutia mhusika anayefanana naye. Boitano alikuwa na mwili mrefu na nidhamu ya askari. Browning alikuwa na utani na wepesi wa mwigizaji. Kwa njia hiyo mruko wa mizunguko mitatu ulipata sababu ya kuwepo, ukawa tendo la mhusika fulani kwa wakati fulani.

Jukwaa na runinga

Pamoja na Michael Seibert, Bezic alitunga miondoko ya filamu ya Carmen on Ice ya mwaka 1990, iliyowakutanisha Boitano, Orser na Katarina Witt. Katika miaka ya 1990 aliongoza maonyesho ya Stars on Ice, kundi la watelezaji wa kulipwa lililozunguka Amerika Kaskazini. Mwaka 1996 alitoa kitabu, The Passion to Skate, na baadaye akawa mchambuzi wa NBC. Yeye na Kevin Albrecht walibuni Battle of the Blades, kipindi cha CBC kilichoanza 2009, ambamo wachezaji wa magongo ya barafu walishindana wawili wawili pamoja na watelezaji mahiri wa mchezo wa Bezic.

Mchango

Kabla ya kizazi cha Bezic, mara nyingi kocha ndiye aliyepanga miondoko, na muziki ulisindikiza miruko tu. Mafanikio ya wateja wake yalionyesha kuwa utunzi ni taaluma inayojitegemea, inayoweza kuamua medali pale ufundi wa washindani unapokaribiana. Leo ni nadra kumkuta mtelezaji wa ngazi ya dunia asiye na mtunzi wake, na Bezic ni mmoja wa waliofanya hivyo kuwa kawaida.