Chemshabongo za hisabati kutokana na kazi za sanaa

Chemshabongo ya picha ni swali la hisabati ambalo taarifa zake zote zimo ndani ya mchoro. Mwanafunzi hulijibu kwa kutazama, kuhesabu na kulinganisha kabla ya kushika kanuni yoyote. Chemshabongo inayotokana na kazi ya sanaa huanzia kwenye mchoro, nakshi au kitambaa kilichokuwapo tayari, na sharti lake kubwa ni kwamba picha yenyewe ibebe ufumbuzi. Swali la kujumlisha lililobandikwa pembeni mwa picha nzuri hubaki swali la kujumlisha tu.

Ulaya ina mifano mashuhuri. Mwaka 1514 Albrecht Dürer wa Ujerumani aliweka katika mchoro wake Melencolia I mraba wa ajabu wenye vyumba 16. Kila mstari, safu na ulalo hutoa 34, na vyumba viwili vya katikati katika mstari wa chini husomeka 15 na 14, yaani mwaka wa mchoro. Mrusi Nikolai Bogdanov-Belsky naye, mwaka 1895, alichora watoto wa shule ya kijijini mbele ya ubao wenye hesabu hii: jumla ya miraba ya 10, 11, 12, 13 na 14, igawanywe kwa 365. Anayegundua kwamba miraba mitatu ya kwanza hutoa 365, na miwili ya mwisho vilevile, hupata 2 bila kalamu.

Kanda ya Ziwa Victoria nayo ina hazina yake. Katika miamba ya Kwitone, kisiwani Mfangano upande wa Kenya, kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe yenye maduara yaliyozungukana, ambayo huhusishwa na wawindaji wa jamii ya Watwa. Maduara ya aina hiyo yapo pia Nyero, mashariki mwa Uganda. Chemshabongo inayozaliwa hapo ni ya thamani kubwa darasani. Mwanafunzi huchora maduara manne yenye kitovu kimoja, nafasi kati yao ikiwa sawa na nusu kipenyo cha duara la katikati, kisha huulizwa pete ya tatu, ukihesabu duara la katikati kuwa la kwanza, inahitaji rangi mara ngapi ya duara hilo. Wengi husema mara tatu. Maeneo ya maduara kamili, hata hivyo, hukua kama 1, 4, 9 na 16, hivyo pete moja moja ni 1, 3, 5 na 7, na jibu ni mara tano. Namba witiri zimejitokeza zenyewe, wala pai haikuhitajika. Nyekundu na nyeupe zikipishana kuanzia katikati na nyekundu, nyekundu itachukua sehemu 6 na nyeupe 10.

Magharibi ya ziwa, imigongo za Rwanda, zinazotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi, hufaa kwa ulinganifu: mwanafunzi hutafuta kipande kidogo kabisa ambacho kikirudiwa huzaa ubao mzima.

Kwa mwalimu wa Buzuruga, jijini Mwanza, nyenzo iliyo karibu kuliko zote ni kanga. Tuseme ina sentimita 150 kwa 110, na pindo la sentimita 15 kila upande. Mji, yaani sehemu ya katikati, hubaki 120 kwa 80, yaani sentimita za mraba 9,600 kati ya 16,500. Pindo linaloonekana jembamba limekula zaidi ya sehemu mbili kati ya tano za kitambaa, jambo ambalo jicho hukataa kuliamini mpaka tepu ya fundi cherehani ipite.

Barabara ya Musoma inayopita Buzuruga huelekea Kisesa, karibu na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, ambako kuna banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Hapo swali ni la uwiano. Kiti kikikuzwa mara 10 kwa urefu, upana na kimo, eneo la uso wake huongezeka mara 100 na ujazo mara 1,000, na ndiyo sababu kinachosimama imara kikiwa kigoda huhitaji nguzo za namna nyingine kikiwa jengo.