Kata, Dekio na Kaunjika

Hapa Lilongwe nguo za mitumba huitwa kaunjika, neno la Kichewa litokanalo na kulundika. Wasemaji wa Kiswahili walikuja na neno mtumba, yaani furushi. Mmoja aliitazama nguo ikiwa imemwagwa chini sokoni, mwingine ikiwa bado imefungwa.

Historia ya bidhaa hiyo ina siasa nyingi kuliko tunavyodhani. Tanzania iliifungulia milango katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuyanyima mavazi ya Rwanda nafuu ya ushuru. Malawi haimo katika jumuiya hiyo, kwa hiyo kaunjika iliendelea kumwagwa.

Lakini historia ninayoipenda zaidi huanzia pale nguo inapochakaa. Shati la pamba lililopasuka kwapani halifi siku moja. Mgongo wake, ambao mara nyingi ungali mzima, hukatwa nepi au kitambaa cha kufutia vyombo. Mikono hukunjwa kuwa vishikio vya sufuria. Upindo husokotwa kuwa kata ya kubebea ndoo. Pwani husema kata, bara wengine husema ngata, Wachewa nkhata. Maji yalibebwa kichwani kabla ya mipaka kuchorwa. Kinachosalia huwa dekio, na kipande cha mwisho kabisa huwa utambi wa koroboi.

Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza la wapinzani wa Kamuzu Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Mahali kama hapo ustadi huu ni sehemu ya bajeti ya nyumba. Na mwaka 2023 serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, ilidhihirika tena kwamba kwa anayehamishwa ghafla, shuka kuukuu ndiyo sanduku.

Kinachonitia wasiwasi ni poliesta, ambayo siku hizi imejaa katika marundo. Haifyonzi maji, hivyo haifai nepi wala dekio. Kwenye sufuria ya moto huyeyuka na kuganda kiganjani. Utambi haiwi. Ukitaka kuijua, vuta uzi mmoja uuchome: pamba huacha jivu laini, poliesta huacha kidonge kigumu cheusi.

Mama anayechagua shati la mwanawe huko Mtandire hununua, bila kutaja, kata na nepi za miaka ijayo. Anayefunga robota ng'ambo hana habari hiyo. Shati lisilofaa kitu tena huchomwa nyuma ya nyumba, na moshi wake mzito huingia dirishani mwa jirani.