Ruzuku ya Kujua Kilichofukiwa

Mwaka 1953 kampuni ya Hooker Chemical iliiuzia bodi ya shule ya Niagara Falls, jimbo la New York, kiwanja kwa dola 1. Chini yake zilifukiwa tani zipatazo 21,000 za taka za kemikali. Hati ya mauzo ilizitaja, na humo kampuni ikajivua lawama. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Agosti 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura mtaani hapo, Love Canal, na familia zikahamishwa.

Kilio cha wakazi wa Love Canal kilizaa sheria ya Superfund, Desemba 1980. Ilikuwa kali: aliyechafua alipe, na mwenye kiwanja wa sasa naye aweza kubanwa, hata kama uchafu aliukuta. Wakazi waliipigania kwa haki, ila wanunuzi waliogopa. Nani anunue kiwanda kilichofungwa asijue deni lililojificha udongoni? Benki nazo zilisita kukipokea kama dhamana. Wawekezaji wakakimbilia mashamba ya pembezoni mwa miji. Viwanda vikabaki magofu yenye minyororo getini.

Cleveland, Ohio, waliyajua hayo. Mto wao, Cuyahoga, uliwahi kushika moto mwaka 1969. Mwaka 1993 shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, liliipa kaunti ya Cuyahoga, ulipo mji huo, ruzuku ya majaribio ya dola 200,000. Kwa kusafisha magofu ya viwanda, hizo ni hela za vocha. Kwa maoni yangu, thamani ya ruzuku za namna hii iko kwenye kupima.

Upimaji huanzia kwenye makaratasi. Mtaalamu hupekua hati za umiliki na ramani kuukuu za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto. Humo huonekana palipokuwa na tangi la petroli au karakana. Pakitiliwa shaka, udongo huchorongwa na sampuli kupelekwa maabara. Pengine uchafu uko kona moja tu. Deni likishajulikana ni kiasi gani, benki hukubali kuzungumza.

Januari 2002 Rais George W. Bush alisaini sheria iliyoruhusu hadi dola milioni 200 kwa mwaka za kupima na kusafisha, ikamkinga pia mnunuzi aliyechunguza kabla ya kulipa. Aliyechafua hapewi ruzuku ya kusafisha uchafu wake. Sheria ya miundombinu ya 2021 ikaongeza dola bilioni 1.5.