Ngao ya gari: kwa nini moja inalinda na nyingine inadhuru

Ngao ni fremu ya chuma inayofungwa mbele ya gari. Wengine huondoa kabisa bampa la kiwandani na kuweka ngao mahali pake, wengine huiongeza mbele ya bampa lililopo. Utaiona kwenye Land Cruiser za hospitali, Hilux za miradi ya maji, magari ya watalii na pikapu za wafanyabiashara wa mifugo.

Wengi wetu hununua ngao kwa jicho: bomba likiwa nene, tunasema hii ni imara. Lakini swali la maana ni jingine. Gari likigonga kitu, nguvu ya kishindo inaenda wapi? Ngao nzuri ina jibu la swali hilo. Ngao mbaya huipeleka nguvu hiyo kwa abiria, kwenye chasisi, au kwa mtu aliyekuwa akivuka barabara.

Ilianzia wapi

Nchi iliyoendeleza sana kazi hii ni Australia. Kule barabara za mashambani ni ndefu, miji iko mbalimbali, na kangaruu huvuka barabara jioni na usiku. Gari likipasuka rejeta porini, msaada unaweza kuwa mamia ya kilomita mbali. Mwaka 1975, mjini Melbourne, Anthony Ronald Brown alianza kutengeneza vifaa vya magari ya porini baada ya kuona vifaa vya wakati ule vikishindwa kuhimili njia mbovu. Herufi za mwanzo za majina yake ndizo ARB, jina linaloonekana leo kwenye ngao nyingi duniani.

Hapa Afrika Mashariki tuna sababu zetu. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na ile ya Nairobi kwenda Mombasa inapita Tsavo. Vijijini kuna ng'ombe, punda na mbuzi. Ngao nyingine huagizwa kutoka nje, nyingine huchomelewa na mafundi wetu. Popote ilipotoka, kanuni za kupima ubora wake ni zilezile.

Bampa la kiwandani limekusudiwa kupondeka

Watu hulalamika kwamba magari ya siku hizi ni laini kama kopo. Ulaini huo umepangwa. Sehemu ya mbele inapojikunja, hutumia nguvu ya kishindo, na gari husimama kwa muda mrefu kidogo badala ya kusimama ghafla. Muda huo mdogo ndio unaookoa kifua na shingo ya aliyekaa ndani.

Magari mengi pia yana mfuko wa hewa kwenye usukani. Mfuko huo hufunguka kwa amri ya vihisi vinavyopima jinsi gari linavyopunguza mwendo ghafla. Ukifunga chuma kigumu moja kwa moja kwenye chasisi bila kufikiria hilo, unabadilisha ujumbe unaofika kwenye vihisi. Mfuko unaweza kufunguka kwa kishindo kidogo kisichostahili, au ukachelewa siku unapohitajika.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji makini hawaanzii kwenye bomba la mbele. Wanaanzia kwenye mikono miwili inayoshika ngao na chasisi. Mikono hiyo hubuniwa ijikunje kwa kiasi kilichopimwa, kisha gari hufanyiwa majaribio ya kugongwa. Fundi wa mtaani hana uwezo wa kufanya majaribio hayo. Kama gari lako lina mfuko wa hewa, tafuta ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyo na toleo hilo.

Uzito hauongopi

Tufanye hesabu. Bomba la chuma lenye upana wa milimita 60 na unene wa milimita 3 lina uzito wa kilo 4 na kidogo kwa kila mita. Mita 10 za bomba hilo ni zaidi ya kilo 40, na bado hujaongeza mabamba, bolti na taa. Ukiweka na winchi, kufika kilo 100 si ajabu.

Na kilo 100 zikining'inia mbele hazibaki kilo 100. Tuseme zimekaa sentimita 90 mbele ya ekseli ya mbele, na umbali kati ya ekseli mbili ni mita 2.7. Ekseli ya mbele itabeba kilo 133 za ziada, na ya nyuma itapunguziwa kilo 33. Ni sawa na mtu aliyekalia ncha ya ubao: upande wake unashuka, wa pili unanyanyuka.

Ndiyo maana gari lililofungwa ngao nzito huanza kuinama mbele, taa hupiga chini, shokapu hufa mapema, na matairi ya nyuma hushika barabara kidogo yakiwa hayana mzigo. Ngao nzito huhitaji springi zinazolingana nayo. Aluminiamu ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma, lakini bei yake iko juu, na ikipasuka si kila fundi anaweza kuichomelea.

Ngao hubuniwaje

Kwenye karakana yenye utaratibu, kazi huenda kwa hatua. Kwanza hupimwa pua ya gari na matundu ya bolti yaliyopo kwenye chasisi. Pili, hutengenezwa mfano wa karatasi ngumu au mbao, ili kuona kama boneti inafunguka, taa na indiketa zinaonekana, na upepo unafika kwenye rejeta. Ukiziba njia ya upepo, injini itachemka kwenye mlima wa kwanza.

Tatu, hutengenezwa ngao moja ya majaribio na kupelekwa barabarani. Hapa adui mkubwa ni barabara ya vumbi yenye mawimbi. Mtikisiko mdogo unaorudiwa kwa siku nyingi hupasua chuma polepole, hasa pembeni mwa mahali palipochomelewa. Baada ya kurekebisha kasoro, fundi hutengeneza kiunzi cha kushikilia vipande, ili ngao ya kumi ifanane na ya kwanza. Kijana mwenye karakana anayetaka kuuza ngao nyingi, hicho kiunzi ndicho mtaji wake.

Mwisho ni kinga ya kutu. Ngao inahitaji matundu ya kutolea maji chini, na rangi ya msingi kabla ya rangi ya juu. Tahadhari kwa mafundi: usichomelee bomba lenye mabati ya zinki bila kuliondoa kwanza mahali pa kuchomelea. Moshi wake huleta homa, kikohozi na kifua kubana.

Mkonga na winchi

Mkonga ni bomba linalopanda pembeni mwa kioo ili injini ivute hewa ya juu, isiyo na vumbi jingi wala maji. Lakini haugeuzi gari kuwa mtumbwi. Kiungio kimoja kikilegea, maji huingia kwenye injini vilevile. Na maji yanayotembea kwa kasi husukuma gari pembeni hata likiwa na mkonga mrefu kiasi gani.

Kwa winchi, kanuni inayotumika sana ni kuchagua yenye uwezo wa kuvuta angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo. Gari la tani 3 linahitaji winchi ya tani 4 na nusu. Bamba linaloibeba lazima lifungwe kwenye chasisi, kamwe si kwenye ngao ya urembo. Waya ukikatika huruka kwa nguvu ya kuua. Wasogeze watu mbali, na weka gunia zito au blanketi juu ya waya kabla ya kuvuta.

Mtu wa miguu

Ngao ngumu na ndefu hubana nguvu yote mahali padogo, kwenye nyonga ya mtu mzima au kichwa cha mtoto. Umoja wa Ulaya uliweka masharti mwaka 2005 kwamba ngao zipimwe kwanza kwa usalama wa watembea kwa miguu. India iliagiza hatua dhidi ya ngao za chuma mwaka 2017. Kwetu watoto hutembea kando ya barabara kwenda shule kila asubuhi, kwa hiyo jambo hili linatuhusu kuliko wengi. Ngao isiyo na ncha kali wala vipande vinavyochomoza mbele ni afadhali. Gari lisilotoka mjini halina haja nayo.

Kabla hujalipa, uliza

1. Imefungwa kwenye chasisi kwa bolti, au imechomelewa? Uchomeleaji ovyo hudhoofisha chasisi.
2. Ina kilo ngapi, na springi zangu zinaweza kuibeba?
3. Gari lina mfuko wa hewa? Ngao hii imetengenezwa kwa gari hilo?
4. Taa, indiketa na namba ya gari vinaonekana?
5. Upepo unafika kwenye rejeta?
6. Kampuni ya bima imeambiwa? Badiliko ambalo halikutajwa linaweza kuleta mgogoro siku ya kudai.

Ukishafunga, kaza bolti tena baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi. Na kumbuka mwendo: ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Ngao ileile iliyomhimili mbuzi kwa mwendo wa 40 haitaweza ng'ombe kwa 80. Usiku, kinga ya kwanza bado ni mguu wa dereva.