Majiko ya Nyumba Kumi

Mtihani wa Siasa, darasa la sita, 1981: taja kazi tatu za balozi wa nyumba kumi. Ya kwanza nikaandika kugawa sukari. Mwalimu akanitia kosa kwa kalamu nyekundu. Jibu alilolitaka ni kuunganisha Chama na wananchi. Alama ile bado naidai.

Neno sosholojia hatukuwa tumelisikia. Mambo ya jamii tuliyasoma kwenye Siasa, somo lililopata nguvu baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya 1967. Tulikariri ukabaila, ubepari, ujamaa. Ukiniuliza CCM ilizaliwa lini, 5 Februari 1977 ilinitoka kabla hujamaliza swali. Kijiji cha ujamaa tulikijua kwa michoro. Mabawa, mtaa wetu wa Tanga, haukuwamo.

Mashina ya nyumba kumi kumi, kila moja na balozi wake, yalianzishwa na TANU, iliyoitangulia CCM, katikati ya miaka ya 1960, na hesabu yake inakubali pale ambapo nyumba moja ni familia moja. Mabawa nyumba ni vyumba sita, ukumbi katikati, choo na majiko uani. Kwetu chumba cha mbele alikaa kuli wa bandarini, Mdigo. Cha pili Mbena aliyeletwa na mkonge, akaukimbia. Akafuata Msambaa muuza matunda na wanawe watano. Nyumba kumi za balozi wetu zilibeba kaya 40 na ushei.

Sukari ilipoadimika baada ya vita vya Kagera, ikabidi watu waorodheshwe. Balozi, mzee mstaafu wa reli, hakuhesabu milango, wala hakuuliza nani mume wa nani. Alipita jioni, daftari mkononi, akihesabu majiko yanayowaka. Wanaochangia chungu kimoja ni kaya moja, hata wawe vijana wanne wa makabila manne. Mke mwenza mwenye jiko lake ni kaya mbali. Miaka mingi baadaye, nikiwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliwasikia wasomi wakibishana kaya ni nini, nikalikumbuka daftari lile.



Mama yangu alikuwa na majiko mawili, la pili la kukaangia maandazi ya kuuza. Jioni balozi alipopita kwetu na daftari, tuliyawasha yote. Balozi akachungulia karai, akacheka.

“Mwanangu, hili la biashara.”

Akaandika moja.