Nani Aliiona Merikebu Kwanza

Nje ya Fort Jesus, Mombasa, ipo mizinga miwili ya chuma ambayo watalii hupenda kupiga nayo picha. Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani. Wa pili ni wa Pegasus, manowari ya Waingereza. Meli hizo zilikutana Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Pegasus ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake, na Königsberg ikaipiga ikiwa mbali kiasi kwamba mizinga ya Pegasus haikuweza kuifikia. Watu 38 waliuawa na meli ikazama bandarini. Königsberg nayo ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji, na Julai 1915 Waingereza wakaifuata humo kwa manowari mbili zinazoelea kwenye maji machache, Severn na Mersey, wakaimaliza.

Baadaye pande zote mbili zilifanya jambo lile lile. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi ya Königsberg kwenye tope la Rufiji, wakaitia magurudumu, ikaburutwa hadi bara kumpigania jemadari wao Lettow-Vorbeck. Waingereza nao wakaitoa ile ya Pegasus. Mwaka 1955 mabaki ya Pegasus yakauzwa kuwa chuma chakavu, na yaliyosalia ya Königsberg yakakatwakatwa katika miaka ya 1960. Sijapata kumsikia mtu akiyaita hayo wizi. Lakini mvuvi wa mtaa wetu wa Kibokoni akipanda na kipande cha shaba kutoka bahari ile ile, haichukui siku mbili kabla hajaitwa mharibifu wa urithi wa taifa.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, na kazi yangu hadi kustaafu ilikuwa kufundisha historia sekondari. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa mzamiaji. Kwa hiyo mambo haya nimeyapata kwa njia mbili, ya vitabu na ya barazani, na njia hizo hazisemi neno moja.

Kuzamia ni kazi ya zamani katika pwani yetu, ingawa hao wazamiaji hawakuwa wakifuata merikebu. Walifuata kome, makombe na majongoo ya bahari, ambayo hukaushwa na kusafirishwa mpaka Uchina. Watalii walipojaa Mombasa na Malindi, hoteli zikataka kamba kochi, na kijana mwenye miwani ya kuzamia, mshale na pumzi ya kutosha akaweza kupata kwa asubuhi moja pesa ambazo mvuvi wa madema hazioni kwa juma zima. Kamba na chewa wanapenda kujificha. Mahali penye mchanga mtupu, mbao chache za merikebu iliyooza zinatosha kuwaleta, na baada ya miaka huota matumbawe, kisha wakaja changu, pono na tasi. Ndiyo sababu mzamiaji huifikia merikebu bila kuitafuta.

Akishaifikia, huiwekea alama. Ami alinifundisha. Unatazama nchi kavu: mnara wa msikiti ukae sawa na mbuyu ulio nyuma yake, halafu unageuza uso upande wa pili, jengo jeupe likae sawa na pengo la mwamba. Mistari hiyo miwili inapokatana, tupa nanga. Alama hizo hazikuandikwa popote. Baba alimpa mwanawe, naye aliyekosa mtoto wa kiume alikufa nazo. Kwa hiyo orodha ya kwanza ya merikebu zilizozama Mombasa ilikaa vichwani mwa watu wasiojua kusoma Kireno, na ninaamini ilikuwa ndefu kuliko orodha yoyote iliyoko makumbusho.

Tuichukue merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná. Ilijengwa Bassein, India, mwaka 1681, kwa ubao wa msaji. Mwaka 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus, wakati huo ngome ya Wareno, na mzingiro huo ukadumu tangu Machi mwaka huo hadi Desemba 1698, maradhi yakiua ngomeni kuliko risasi. Merikebu hii ilitumwa kutoka Goa kuja kuwaokoa waliozingirwa. Mwaka 1697, ikiwa chini ya ngome, ilikatika kamba zake, ikachukuliwa na maji, ikapoteza usukani, na mwezi wa Oktoba ikazama karibu kabisa na kuta ilizokuja kuziokoa. Vitabu vinasema iligunduliwa katika miaka ya 1960 na wazamiaji wawili, Conway Plough na Peter Phillips. Kati ya 1977 na 1980 mwanaakiolojia Robin Piercy aliongoza uchimbaji pamoja na watu wa makumbusho. Vyombo vya kauri, mitungi, silaha na mbao za nakshi vikatolewa, mwili wa merikebu ukapimwa, kisha ukafukiwa tena mchangani ili usioze. Baadhi ya vitu hivyo unaweza kuvitazama leo ukilipa kiingilio.

Sina ugomvi na kazi ile. Ilikuwa kazi safi, na laiti merikebu zote zingepata watu kama hao. Ninachobishana nacho ni hilo la "iligunduliwa". Merikebu ya vita imelala chini ya pua ya mji kwa miaka zaidi ya 260, kwenye kina cha mita kumi na kitu, mahali ambapo vyombo hupita kila siku. Ami alikuwa akisema wazee wake walikatazana kutupa nyavu pale kwa kuwa zilikuwa zikinasa. Alisema hivyo kama mtu anayetaja shimo la barabarani. Haikumpitikia kwamba hiyo ni habari ya kumpelekea mzungu.

Kuhusu hatari, wengi huwaza papa. Ami hakupata kuumwa na papa. Kilichowamaliza wenzake ni hewa. Kila ukishuka mita kumi, maji hukuongezea uzito sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Anayezamia kwa pumzi yake hatari yake iko njiani kurudi: chini uzito wa maji humfanya ajione ana pumzi bado, akipanda uzito unapungua, hewa njema iliyobaki mapafuni haimtoshi tena, na anazimia mita chache kabla ya kufika juu, bila kupiga kelele. Wenzake mtumbwini huona mshale unaelea peke yake.

Mitungi ya hewa ilipokuja, pamoja na kompresa zenye mpira mrefu, watu walidhani balaa limekwisha. Kumbe limebadilika sura. Anayevuta hewa chini hujaza damu naitrojeni, na akipanda haraka damu hufanya kama soda iliyofunguliwa ghafla. Viputo hukaa kwenye viungo na uti wa mgongo. Watalii hufundishwa kupanda polepole na kupumzika kabla ya kushuka tena. Kijana wetu hakufundishwa na mtu. Mitungi ni ya tajiri, mashua ni ya tajiri, deni la mafuta ni lake yeye, na malipo ni kwa kilo; atashuka mara nyingi kwa siku kadiri mitungi ilivyo. Jioni anasema magoti yanauma. Usiku hana mkojo. Asubuhi miguu haimsikii. Na hapo ndipo mambo hayo huharibika zaidi, kwa sababu jamaa husema amepigwa na jini wa mwambani, na saa ambazo angepelekwa kwenye chemba ya shinikizo zinaishia kwa mganga, akifukizwa ubani. Si kwamba chemba zenyewe ziko kila mtaa. Kwa pwani yote ya Afrika Mashariki ni za kuhesabu kwa vidole. Nawajua wanaume waliokuwa na vifua vipana kama milango ambao leo wanatambaa uani kwao.

Merikebu huzidisha yote hayo. Ndani ya chuma kilichooza hakuna juu wala chini, tope likivurugwa huoni mkono wako, na nyavu za zamani zimekwama kila pembe. Katika mlango wa Bandari ya Kale wakati wa bamvua, mkondo humvua mtu miwani.

Haya si ya kwetu peke yetu. Wazamiaji wa sifongo kutoka kisiwa cha Symi, Ugiriki, waliikuta merikebu ya kale huko Antikythera mwaka 1900, na serikali yao ikawaajiri waitoe mizigo. Sanamu za shaba zikapatikana, na kile chombo cha magurudumu ya meno cha kukokotolea mienendo ya jua na mwezi. Mzamiaji mmoja alikufa na wawili walipooza. Sanamu ziko Athens.

Sasa nije kwenye haki, maana huwezi kumtetea mvuvi kwa kuficha anayoyafanya. Wapo waliochukua. Nyumba ya jirani yetu ilikuwa na kasiki la maji ya kunywa ambalo lilitoka baharini, mdomo wake bado una ganda la chaza. Maji yake yalikuwa baridi kweli kweli, na sisi watoto tulipigania kata. Mwanaakiolojia angelia akiliona. Kasiki likiwa mahali lilipoangukia linaweza kueleza lilikuwa la nani, lilikuwa na nini, lilipakiwa bandari gani. Likishafika uani ni kasiki tu. Na hilo lilikuwa na bahati, udongo haudhuriki sana. Chuma kilichokaa chumvini kikianikwa juani hupasuka vipande, mbao hunywea na kupinda. Mara nyingi mvuvi anayeiba huwa amejiibia takataka.

Ami alikuwa na mpaka wake. Kamba na samaki wa kwenye merikebu ni riziki. Nanga na risasi za kuzamishia mshipi, sawa. Lakini kilichovaliwa na mtu hapana. "Mwanangu, kitu cha mtu alokufa maji hakina bei." Aliwahi kuona bizimu ya mkanda, akaiacha, na jioni akasoma Fatiha kwa watu ambao pengine hawakuwa hata Waislamu. Mpaka huo ni wa wazee wengi niliowasikia. Vijana wana mwingine, na siwalaumu wote: anayenunua shaba kwa kilo hajiulizi imetoka wapi, na yeye haitwi mwizi.

Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi, hapo ambapo Waitalia walijenga kituo chao cha kurushia roketi baharini, kuna merikebu ambayo wataalamu wanaidhania ya Wareno wa mwanzo wa karne ya 16. Imelala kwenye maji ya kina kifupi, na ilibeba pembe za ndovu na vipande vya shaba vyenye chapa ya Fugger, matajiri wa Augsburg, Ujerumani. Fikiria: shaba, kwenye maji ambayo mtoto wa miaka kumi na tano anaweza kuyafikia kwa pumzi. Wavuvi ndio waliowaelekeza wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, akiwemo Caesar Bita, na wanakijiji wakaingizwa katika kuilinda. Hilo lilifanyika kwa kukaa na watu na kunywa nao chai, sheria ikabaki mfukoni.

Sheria ikitoka mfukoni, mara nyingi humtazama mdogo. Kisiwa cha Msumbiji, wenzetu wa pwani moja, serikali ilitoa kibali kwa kampuni ya Ulaya kuzamia merikebu zake, na mwaka 2004 kauri na dhahabu kutoka hapo zikauzwa mnadani Amsterdam. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 ulikuwa umekwisha kuandikwa, ukisema mali iliyolala majini kwa miaka 100 isiuzwe, na kwamba jambo la kwanza la kufikiria ni kuiacha ilipo. Kutoka kisiwa hicho hicho, Desemba 1794, iliondoka merikebu São José ikiwa na watumwa zaidi ya 400 kwenda Brazil. Ilivunjika karibu na Cape Town na zaidi ya 200 kati yao wakafa. Wasaka hazina wa miaka ya 1980 waliizamia wakidhani ni ya Waholanzi. Ilipotambuliwa, mwaka 2015 wazamiaji walishusha hapo udongo uliochukuliwa Mossuril, nchi ya waliokufa. Ami angeelewa tendo hilo bila kuelezwa.

Niliwahi kumwuliza mzamiaji wa makamo kwa nini haendi kuripoti anapopajua. Akasema wakija wataweka boya, boya likiwekwa marufuku inafuata, na marufuku ikifuata chewa wake watakuwa wa watalii. Sikuwa na jawabu, kwa sababu nimeshaona ikiwa hivyo. Kama serikali inataka alama zilizo vichwani mwa watu hawa, basi iwaachie mshipi na dema mahali pale, iwalipe ulinzi, ijenge chemba ambayo mvuvi atatibiwa bila kuulizwa kwanza alikuwa akizamia nini, na kwenye kabati la kioo iandike aliyeonyesha njia, si aliyefika na mitungi peke yake.

Vijana wawili walinijia nyumbani wakati wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Walisikia nasoma vitabu vya Wareno. Nikawaambia mapema kwamba sitamwonyesha mtu merikebu ilipo. Wakacheka. Mahali wanapajua, walisema, hata pa kunionyesha mimi wanapo. Walichotaka ni kujua ipi ilibeba dhahabu. Nikawasomea niliyokuwa nayo: chakula, baruti, askari wagonjwa, mapadri. Mmoja akauliza kama mapadri hawakuwa na dhahabu. Nikamwambia akaulize Goa. Wakanywa kahawa yao, wakaniaga kwa adabu, na nasikia mmoja wao sasa anauza simu Mwembe Tayari.