Kamba ya Katani

Jumapili moja nilikaa uani kwetu Magomeni nikimsikiliza babu na mzee mwenzake, wote wana Volkswagen zile za mgongo wa kobe, wakibishana juu ya betri. Babu alilitoa lake kwenye volti 6 akalipeleka 12, akabadili balbu, dainamo, mpaka mota ya waipa, hapo hapo uani.

"Mwaka gani, babu?"

"Baada ya vita, mjukuu wangu."

Nikachukua kalamu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha fedha za kigeni, na mwaka huohuo wa 1979 mafuta yakapanda bei dunia nzima. Spea zikaadimika. Basi watu wakajifunza! Injini ya kobe inapozwa kwa upepo, haina rejeta, na imeshikwa kwa bolti nne tu. Waliishusha wenyewe chini ya mwembe. Gasketi walikata kwenye boksi la viatu. Waya wa eksileta ulipokatika, babu aliendesha kwa kuvuta kamba ya katani iliyopitia dirishani (bibi anasema yeye ndiye aliyevuta).

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Spea zikarudi, soga zikahamia kwenye redio na rangi.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi wa chuma chakavu. Baba anataka liuzwe. Babu hakumjibu. Alifunua mfuniko wa nyuma, akanionyesha kipande cha kamba, bado kimefungwa.